Mpangaji wa Nyumba Inayotembea

Msikilizaji, leo sikutegei kitendawili ukanipa mji. Nataka hukumu yako.

Palikuwa na watu watatu mjini Tabora waliokutana kila Jumamosi barazani kwa Kalunde, fundi cherehani, kufumbua mafumbo ya gazeti. Kalunde alijaliwa kinywa. Maneno yalimtoka kama njugu zinazomwagika. Nyamizi, muuza asali, alijaliwa sikio. Neno likimpitia sokoni asubuhi, jioni bado analo. Maganga, mshika bendera mstaafu wa reli, alijaliwa shaka. Alizoea kusimamisha treni, na sasa alisimamisha majibu ya wenzake. Jibu lake mwenyewe hakuna aliyelikumbuka.

Siku hiyo gazeti lilitangaza kwamba atakayetangulia kuleta jedwali lote bila kosa, bila neno lililokatwa, ndiye atakayekuwa mtungaji mpya wa mafumbo. Jina moja tu. Kalunde alilisoma tangazo mara mbili. Tangu ujana wake alikuwa akilipelekea gazeti mafumbo aliyotunga, na hakujibiwa hata kwa kukataliwa.

Walijaza, wakabishana, wakajaza. Likabaki fumbo moja: *Mpangaji ambaye nyumba yake hutembea, na chakula chake ni mwenye nyumba.* Herufi nne. Ya kwanza K, ya mwisho E.

"Kobe!" Kalunde akainua kalamu ya wino.

Maganga akaudaka mkono wake. "Simama."

"Nisimame nini, kaka Maganga? Nyumba inayotembea ni ya nani kama si ya kobe?"

"Kobe ana nyumba yake. Huyu amepanga. Tena anamla mwenye nyumba. Kobe anajila?"

"Mwachie aandike, kaka," Nyamizi akasema. "Ofisi ya gazeti inafungwa mchana."

"Ifungwe. Wino haurudi kalamuni."

Hasira zikampanda Kalunde. "Miaka yote umetugandia hapa! Chai yangu unakunywa, akili zetu unanyonya, na jibu lako halijaonekana! Kupe mkubwa wewe!"

Maganga akauachia mkono. Akaweka kikombe chini polepole.

Nyamizi alikuwa anahesabu herufi kwa vidole. "Dada," akasema, "hebu rudia. Kupe. Nyumba yake ng'ombe. Ng'ombe anatembea, na ndiye anayeliwa."

Likaandikwa, likaenea. Badala ya vigelegele, vita vikaanza.

"Jina ni langu," alisema Kalunde. "Neno limetoka kinywani mwangu."

"Ulilitema kama kohozi!" Nyamizi akafoka. "Ungelijua, ungeliandika. Mimi ndiye niliyeliokota."

"Umeokota kilicho changu!"

"Na mimi?" Maganga alisimama. "Nisingeushika mkono huo, kobe angekuwa amekaa pale kwa wino, na karatasi ingekuwa ya kufungia maandazi. Halafu hilo neno mnalogombania, aliyepigwa nalo usoni ni nani?"

"Kwa hiyo kutukanwa nako ni kazi?" Nyamizi akamkejeli.

"Leo imekuwa kazi. Muulize dada yako kama angelisema bila mimi."

Kalunde alikunja ngumi juu ya meza. Aliwachukia wote wawili, na alijua kwamba hiyo si haki, na kujua kukamzidishia hasira. Alitaka kumwomba Maganga radhi. Lakini kumwambia "wewe si kupe" ni kukiri kwamba shaka yake ilikuwa mchango kama mwingine, na mwenye mchango ana dai. Akinyamaza, basi jina analolitamani tangu ujana atalipata kwa tusi asilolifuta.

Jua lilikuwa limepanda. Nafasi ya jina ilikuwa tupu. Watu watatu waliitazama karatasi moja, na hakuna aliyemwamini mwenzake kushika kalamu.

Kinywa kilisema bila kujua. Sikio lilijua bila kusema la kwake. Shaka haikusema wala haikujua, ila ilizuia kosa na kubeba tusi. Nawe umeketi nasi, msikilizaji, umesikia yote: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?