Mama wa Nyamizi

Hapo zamani, na wewe unayesinzia huko nyuma amka, palikuwa na mjane aitwaye Nyamizi. Mtoto hana, ndugu hana. Mumewe alipofariki, watu wakasema kamroga, wakamwogopa kama ukoma. Akitaka kuongea, anaongea na kuku.

Basi akaanza mafundisho ya ubatizo. Alitaka uzima wa milele, ndiyo, lakini jamani, alitaka pia mama. Maana kule kwao, mbatizwa hupata mama. Akishabatizwa, anakwenda kula kwa mama huyo. Akiugua, anamuuguza, akifa, anamzika. Nyamizi aliogopa kufa peke yake ndani, mlango umefungwa, asijue mtu.

Pasaka ikikaribia, homa ikamwangusha. Akapiga yowe. Aliyekuja ni Milembe tu, mke mwenzake, ambaye hata Mkristo si Mkristo.

"Nakufa," akasema Nyamizi. "Nibatize."

Milembe akachota maji mtungini, akammiminia kichwani, akirudia maneno aliyotajiwa na mgonjwa: "Nyamizi, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Mgonjwa akapona. Padri akaulizia yote, kisha akasema, "Huo ni ubatizo kamili, haurudiwi. Hata asiyebatizwa aweza kubatiza mtu anayekufa, mradi anataka kutenda linalotendwa na Kanisa. Vimebaki mafuta, vazi jeupe na mshumaa. Msimamizi kanisani atakuwa Mkristo, ndiyo sheria. Lakini mama wa kwenda kula kwake, Nyamizi, mtaje mwenyewe."

Loo! Siku ya Pasaka, Nyamizi alipokwisha kuvikwa vazi jeupe, Kalunde, jirani yake, akaruka. "Ni mimi! Nyamizi hajui kusoma. Baba Yetu mpaka Nasadiki, nani alimkaririsha?"

"Ulimkaririshia uani," akasema Milembe. "Ndani kwako aliingia lini?"

"Na wewe je? Nani alianza kumwita mchawi?"

Milembe akainama. "Mimi. Wivu ulinila. Lakini alipopiga yowe mlisikia wote, nikaja mimi."

Hapo Sabina, muumini mwenzao ambaye si msemaji kabisa, akasogea. "Mimi sikumfundisha wala sikumbatiza. Ila kila Jumapili watu wakihama benchi lake, mimi nilibaki."

"Ukamwambia nini?" akauliza Kalunde.

"Sikumwambia neno. Niliogopa watu."

Wote wakamgeukia Nyamizi. Naye alisimama katika vazi lake jeupe. Akimtaja mmoja, wawili watamnunia, na yeye hakuwa na watu wa kupoteza. Machozi yakamtiririka, wale watatu wakimtazama, asiwepo hata mmoja wa kumfuta.

Haya, msinitumbulie macho, semeni! Aliyemfundisha asimkaribishe, aliyemharibia jina kisha akambatiza, au aliyekaa naye asimsemeshe: je, nani alistahili kuitwa mama?