Kokwa za Tumbili

Paukwa!

Pakawa!

Aa, pakawa gani hiyo? Mmekula au bado? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na korongo la mto. Ng'ambo hii, juu ya mti, alikaa Tumbili. Ng'ambo ile waliishi Bi Nguchiro na wanawe sita. Mbele ya shimo lao, pale ukingoni, walijipanga kobe kumi.

Kazi ya Tumbili ilikuwa moja, kumchungulia Mwewe. Akimwona tu, hurusha kokwa kumi ng'ambo, ziangukie migongo ya kobe. Ko! Ko! Ko! Watoto mbio shimoni! Zikilia mbili, wanapuuza, huo ni upepo unaangusha matunda. Zikifika tano, huyo ni Mwewe.

Basi ikanyesha mvua, ikanyesha, ikanyesha. Kobe wakajaa tope mgongoni. Mwewe akaja. Tumbili akarusha kumi. Pwa! Pwa! Ko. Pwa! Pwa! Ko. Pwa! Watoto wakaendelea kucheza. Mwewe huyooo! Kitindamimba akaponea chupuchupu, nusu ya mkia ikaenda na Mwewe.

"Tumbili! Ulikuwa umelala?"

"Nimerusha kumi, Bi Nguchiro! Babu alirusha kumi, baba alirusha kumi!"

"Mimi nimesikia mbili!"

Kobe mmoja akatoa kichwa. "Bwana Tumbili, kumi zimefika. Ila tope limezimeza."

"Si mjipanguse mgongo!"

"Kwa mkono upi?"

Ule mkia ulimuuma Tumbili kama wake.

Kesho yake Mwewe tena! Tumbili akarusha kumi. Ko mbili. Akaongeza. Ko tatu. Akachota kwa mikono yote, pwa, ko, pwa, pwa, ko! Zikafika tano. Watoto shimoni, fyuu! Mwewe akaondoka na tope tupu kwenye kucha.

Jua likawaka, tope likabanduka. Tumbili naye, alipomwona Mwewe, mkono umeshazoea, akamwaga thelathini. Kokokokoko! Watoto wakadhani mwewe wamejaa angani, wakagoma kutoka siku tatu, matumbo yananguruma.

"Sasa unatuua kwa njaa!" Bi Nguchiro akalia.

Tumbili akapunguza. Tangu hapo hurusha huku ametega sikio.

"Siku hizi unarusha ngapi?" Bi Nguchiro akamuuliza.

"Hata sijui, mama. Narusha mpaka nione mikia yote imeingia shimoni. Na ile nusu."

Ndiyo maana nawaambia, ukimwita mwenzio, usihesabu mara ulizopaza sauti. Tazama kama amesikia.

Hadithi yangu imekomea hapo. Haya, nani ananiletea maji? Koo limekauka.