Maji Machungu ya Sanadi

Katika mji wa Kirmazi, enzi ya Sultani Nuumani bin Tawafiki, aliishi mfua shaba jina lake Sanadi, naye kwa husuda alisimama mbele ya sultani akaapa uongo kwamba Bishara, mfua shaba mwenzake, ameiba taa ya dhahabu ya msikitini, na Bishara akatiwa pingu na kupelekwa kuvunja mawe katika machimbo ya jabali.

Tangu siku hiyo maji yote aliyoyagusa Sanadi yaligeuka machungu kama shubiri. Alivaa hirizi, akafukiza ubani, akachinja mbuzi saba, na visimfae kitu. Siku ya arobaini, alipokuwa akitawadha kwa sala ya adhuhuri, akatoka jini ndani ya birika, mwembamba, mwenye macho ya uchovu.

"Ewe Sanadi," akasema jini, "usipoteze ubani wako. Sikutumwa na adui. Nimezaliwa na kiapo chako, na nimefungwa kwako."

"Nitakuondoaje, ewe bwana wa majini?"

"Mimi si bwana, ni mtumwa. Kwanza kaseme kweli. Kisha umtaje Mola katika kila kazi ya mikono yako, mpaka siku utakapotenda jema bila kuniwaza. Hapo sote wawili tutakuwa huru."

Sanadi alijua kwamba adhabu ya kiapo cha uongo ilikuwa upanga. Hata hivyo akaenda barazani, akabusu zulia, akasema, "Maulana, Bishara hakuiba. Mimi nilisema uongo."

"Kwa kuwa umekuja kwa miguu yako, upanga nimeuzuia," akasema sultani, na akaamuru Bishara afunguliwe na Sanadi ashike nafasi yake. Walipopishana njiani, Bishara alimtazama akasema, "Sina neno la kukuambia," akaenda zake.

Sanadi akavunja mawe miaka mitano, na kila pigo la nyundo akalitia jina la Mola, na mkate wake akaumega nusu kwa wafungwa dhaifu. Mwanzoni, kila alipotenda jema alikimbilia mtungi kuonja maji, na yalikuwa machungu, na jini akimtazama kutoka mtungini. Mwishowe akachoka kuonja, akabaki na dhikri yake na mawe yake.

Siku moja ya jua kali mnyapara, aliyekuwa akimchapa mgongoni kila siku, alianguka kwa joto. Sanadi akachota maji kwa viganja akamnywesha, akamfunika kwa kilemba chake, akarudi kwenye jiwe lake.

Mnyapara akafumbua macho. "Maji haya umeyatoa wapi? Mbona matamu hivi?"

Sanadi akainua kichwa kumtafuta jini, asimwone.

Habari ya kuokolewa kwa mnyapara ikamfikia sultani, naye akamfungua Sanadi, akamvika joho la heshima na kumpa bustani ya mitende. Siku ya tatu Bishara akaja, wakala tende mpaka sinia ikabaki na kokwa tupu.

"Dada yangu Ruzuna ni mjane," Bishara akasema hatimaye. "Ameniambia ukimposa ataridhia. Nimekaa nikafikiri siku nyingi, na mimi pia nimeridhia."

Sanadi akalia, na ndoa ikafungwa mwezi uliofuata. Basi na ajue mwenye kujua: ubaya huondolewa na mikono ileile iliyoutenda, ikirudi kila siku kwenye kazi njema mpaka isahau kwamba inatafuta malipo.