Mwaka wa Tisa wa Ufadhili wa Bwana Mselem

Palikuwa na tajiri mmoja mjini petu, Bwana Mselem, mwenye kinu cha unga, maghala matatu na tumbo lililomtangulia kila aendako. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, alitangaza kwamba atamlipia kijana mmoja maskini ada ya chuo kikuu, mwanzo hadi mwisho. Sharti lake dogo tu: uje barazani kwake, ujibu swali moja. Mwaka ule ulikuwa wa tisa, na hakuna aliyewahi kulipiwa hata kalamu.

Mtasema vijana wetu ni mbumbumbu. Wala! Sikilizeni mchezo wake. Ukijibu sawa, Bwana Mselem alikupigia makofi: "Mashallah, akili umeshajaaliwa. Chuo cha nini tena? Nenda salama." Ukikosea, alitikisa kichwa kwa huruma: "Masikini, chuo ni cha wenye akili. Pesa zitapotea bure." Basi ukipatia umekosa, ukikosea umekosa. Na Ijumaa msikitini huyo huyo anaombewa dua, mfadhili wa elimu. Watu tunajua kusifu, jamani!

Sasa, alikuwepo Salha, binti wa Bi Mize muuza vitumbua wa pale sokoni. Kamaliza kidato cha sita, kafaulu vizuri, na barua ya kujiunga na chuo cha udaktari anayo, kaitia kwenye mfuko wa nailoni isishike mafuta. Mkopo wa serikali ulimpa nusu ya ada. Nusu ya pili alihangaika nayo mwenyewe: kafundisha watoto wa watu hesabu, kauza vitumbua asubuhi na kashata jioni, kaandika barua kwa kila mwenye jina. Wengi walimjibu kwa dua. Na Jumatatu chuo kinafunga orodha. Asipolipa, nafasi anapewa mwingine. Salha alikuwa na hofu, asikudanganye mtu. Aliogopa kuzeekea mbele ya kikaango, na barua ya udaktari iko kabatini.

"Nenda kwa Mselem," mama yake akamwambia.

"Mama, yule hajamlipia mtu tangu azaliwe."

"Na wewe hujanyamaza tangu uzaliwe. Nenda."

Siku ya swali baraza ilifurika. Kahawa inapita, halua inapita. Kadhi, Sheikh Burhani, kaalikwa awe shahidi. Na ili sifa zifike mbali, Bwana Mselem alikuwa amekodi vile vipaza sauti vya harusini, akavielekeza sokoni. Maikrofoni kaishika mwenyewe, hampi mtu.

"Shikamoo, bwana," Salha akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si binti wa vitumbua?"

"Wa Bi Mize, bwana. Vitumbua ni vya watu wote."

"Ehee, ulimi unao! Umekuja kuomba?"

"Nimekuja kujibu. Kuomba nilimaliza mwezi uliopita."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, binti."

"Nimeinama miaka kumi na mitatu juu ya dawati, bwana. Nikizidi hapo nitalala."

"Na huko chuoni unakwenda kusomea nini?"

"Udaktari."

"Hee! Utanitibu mimi?"

"Ukiweza kuuvumilia ugonjwa miaka mitano, bwana, nitakutibu."

Kadhi akapaliwa na kahawa. Bwana Mselem naye akacheka, maana mtu mzima haonyeshi kwamba amechomwa. Akakohoa, akaisogeza maikrofoni mdomoni.

"Swali ni hili. Kitu gani mtu hukitoa, akakitoa tena, na hakimpungukii?"

Lo, swali gani hilo! Kila mtu pale alijua jibu ni elimu. Mwalimu huitoa miaka arubaini na haimwishi. Salha alijua pia, na hapo ndipo roho ilipomdunda. Akisema elimu, ataambiwa akili anazo, aende zake. Akinyamaza, mjinga, aende zake. Akavuta pumzi.

"Ni ahadi yako, bwana."

Bwana Mselem akamwinamia na maikrofoni yake mkononi, ikawa katikati yao. "Unasemaje?"

"Ahadi ya kumlipia mtu ada. Mwaka wa tisa huu unaitoa, na mfuko wako haujapungua hata thumuni."

Kicheko kililipuka huko sokoni hadi kikasikika barazani. Mtu akapiga na kigelegele; mimi nadhani alikuwa Bi Mize.

Bwana Mselem akafungua kinywa aseme "umepatia," amfukuze kwa kosa la kuwa na akili, kama alivyozoea. Mara akaliona jicho la kadhi. Akisema binti amepatia, amekiri mwenyewe, mbele ya shahidi na soko zima, kwamba ahadi zake ni upepo. Neno akalimeza.

"Bwana Mselem," kadhi akauliza polepole, "binti amepatia au amekosea?"

Jasho likamtoka. Kisha uso ukamchangamka: si kuna mlango wa pili?

"Amekosea!" akanguruma, vipaza sauti vikatetemeka. "Amekosea kabisa! Ahadi ya Mselem si maneno matupu. Mselem akiahidi, mfuko unapungua! Jibu ni elimu. Binti, wewe ni mjinga, na mjinga chuo..."

"Nimekubali, bwana," Salha akamkatiza, kainamisha kichwa kwa adabu zote. "Mimi mjinga, nimekosea, na Sheikh ni shahidi. Sasa huo mfuko na upungue."