Ngiri na Masikio ya Wenzake

Paukwa!

Pakawa!

Hapana, hiyo si Pakawa. Wa mbele mmeitika, wa nyuma mmetazamana, kila mtu anangoja mwenzake afungue kinywa. Haya, tuanze tena. Paukwa!

Pakawa!

Ee, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakinywa kwenye bwawa moja, palikuwa na desturi. Ukisikia sauti usiyoielewa, tazama kwanza masikio ya mwenzako. Yamesimama? Kimbia. Yametulia? Endelea kunywa. Walifundishwa hivyo na mama zao, na desturi hiyo iliwaokoa na simba mara nyingi. Kwa hiyo msiicheke.

Basi alikuwepo Ngiri, mama mwenye haya nyingi. Sura yake aliijua. Akija bwawani hujibanza pembeni, na kale kamkia kake kembamba hukaficha katikati ya mapaja, maana siku moja Punda Milia alikacheka mbele ya wote.

Ngiri alikuwa na shoga mmoja tu, jirani yake, Tohe. Tohe ni swala wa majanini, hodari wa kupiga mluzi. Kiangazi kimoja alikuwa na mtoto mchanga. Na mnajua Tohe anavyolea. Humlaza mtoto kwenye majani marefu, akamwambia, "Lala hapa, mwanangu. Usiinuke, usilie, mpaka usikie mluzi wangu." Mtoto hulala kimya. Jua limchome, njaa imuume, hainuki.

Siku moja jua lilikuwa utosini. Bwawa lilikuwa limekauka kandokando, limebaki tope. Tohe akaja mbio anywe, arudi kunyonyesha. Chubwi! Mguu ukazama. Akajivuta. Chubwi! Na wa pili. Akajivuta tena. Fyooo! Tope likamfika tumboni.

"Jamani!" akalia. "Jamani, nazama!"

Wote wakasikia. Twiga akatazama masikio ya Punda Milia. Yametulia. Punda Milia akatazama masikio ya Nyati. Yametulia. Nyati akamtazama Ngiri. "Huyu ni jirani yake Tohe," akawaza. "Kama pana jambo, yeye ndiye wa kwanza kujua." Masikio ya Ngiri yametulia.

Na Ngiri je? Moyo wake ulikuwa unadunda, du, du, du. Sauti ya shoga yake aliijua. Lakini akamtazama Twiga, maana Twiga anaona mbali. Masikio ya Twiga yametulia. "Basi hakuna neno," Ngiri akajiambia. "Labda anajipoza tu. Mimi nani hata nipige kelele mbele ya hawa wakubwa?"

Tope likamfika Tohe kifuani.

"Jamani, mwanangu! Mwanangu yuko majanini!"

Wakatazamana tena. Twiga kwa Punda Milia, Punda Milia kwa Nyati, Nyati kwa Ngiri, Ngiri kwa Twiga. Masikio yametulia.

"Mbona analia huyo?" Twiga akauliza.

"Ingekuwa hatari, Nyati angeshakwenda," Punda Milia akajibu, akanywa.

Ngiri naye akainama anywe. Shingo yake fupi, kwa hiyo hupiga magoti, pua ikagusa maji. Sasa hakuona masikio ya mtu. Aliona tope, na uso wake mwenyewe majini. Ndipo akasikia. Fii... fii...

Haikuwa kelele tena. Tohe alikuwa anajaribu kupiga mluzi. Alikuwa anamruhusu mtoto wake ainuke, asije akafa njaa pale majanini akimngoja mama asiyekuja. Lakini tope lilikuwa limembana kifua, na mluzi haukufika popote.

"Ee mama wee!" Ngiri akapaza sauti. Akainuka, akatoka mbio. Tifu, tifu, tifu! Haya yake yote akaisahau. Masikio yakasimama. Na ule mkia aliouficha miaka yote ukasimama wima kama mwiko.

Akalivamia tope kwa pua na meno. Chaka, chaka, chaka! "Vumilia, shoga! Nimekuja!"

Nyati akainua kichwa. "Masikio ya Ngiri yamesimama!"

"Mkia pia!" Punda Milia akasema, na safari hii hakucheka.

Wakaja wote. Ngiri alichimba mbele, Nyati akaingia nyuma akasukuma kwa paji la uso, Punda Milia akamng'ata Tohe ngozi ya shingo akavuta. Hata Twiga akaangusha matawi, Tohe apate pa kukanyaga. Vuta! Sukuma! Vuta! Sukuma! Puu! Tohe akatoka, kajaa tope mpaka kope.

"Shoga," akasema akihema, "ulinisikia lini?"

Ngiri akainamisha uso. "Tangu mwanzo. Nilikuwa namtazama Twiga."

"Nami nilimtazama Punda Milia," Twiga akasema polepole. Tohe hakumlaumu mtu. Alimwegemea Ngiri begani, wakalia wote wawili.

Kisha akasimama, akapiga mluzi. Likatoka tope. Akapiga tena.

Fiiiii!

Kimya. Ngiri akayakodolea macho majani. Halafu majani yakatikisika, na masikio mawili madogo yakasimama.

Tangu siku hiyo Ngiri akikimbia huinua mkia. Anawaambia walio nyuma, "Nimekwenda, njooni."

Basi, wanangu na wazazi wenu, ukisikia mtu anaomba msaada, usisome kwanza nyuso za wenzako, kwa kuwa nao wanausoma wako. Nenda wewe. Wengi wana moyo wa kusaidia. Wanachongoja ni wa kwanza.

Hadithi yangu naiachia hapo, kwa sababu mbuzi wa jirani yetu Saumu amejizonga kwa kamba huko nyuma ya nyumba, analia tangu niliposema Paukwa, na nyote mmemsikia. Nani anakwenda? Msitazamane!