Nyumba ya Bi Nakundwa

Haya, tegeni masikio, kesi hii mtaiamua nyinyi.

Kule milimani Upareni aliishi Bi Nakundwa na watu watatu. Nakijwa, mjane wa mwanawe mkubwa, alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Niwaeli, bintiye, hakuogopa kumpinga mtu. Sekiete, kitindamimba, alikuwa na nguvu za punda.

Moyo wa Bi Nakundwa ulikuwa ukipiga polepole mno, akawa anazimia shambani. Hospitalini wakamwekea betri ya moyo chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto. Akarudi anapanda kilima kama msichana.

Baada ya miezi kadhaa, ngozi juu ya betri ikawa nyekundu, ikavimba. Bi Nakundwa akaificha kwa khanga. Aliogopa kisu kuliko kifo. Nakijwa akaiona alipokuwa akimwogesha.

"Niapie hutasema!"

Nakijwa akaapa. Kulipokucha akakivunja kiapo, akawaambia Niwaeli na Sekiete.

Jirani mmoja akaja na wembe. "Jipu tu hili. Tulitumbue, litapoa." Bi Nakundwa akakubali upesi, alimradi asirudi hospitali. Niwaeli akaziba mlango.

"Mama, nilaani ukitaka, lakini wembe huo haupiti."

Akamlaani kweli.

Mvua ilikuwa imekata barabara. Sekiete akambeba mama mgongoni, akashuka naye kwenye matope, huku anapigwa makofi ya kisogo: "Nishushe!" Goti likateguka. Hakumshusha. Mpaka leo anachechemea.

Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, Bi Nakundwa aliapa mbele ya wote: "Nikiamka, nyumba yangu ni ya aliyeniokoa."

Betri ikatolewa na nyaya zake, akatibiwa usaha, kisha mpya ikawekwa upande wa kulia. Daktari akamwambia, "Usingeonwa mapema, ungekufa. Wangekupasua nyumbani, ungekufa. Ungechelewa kuletwa, ungekufa."

Sasa yuko nyumbani. Nakijwa, ukoo ukimkataa, hana pa kulala. Niwaeli bado hajaondolewa laana. Sekiete hawezi tena kulima mteremkoni. Hakuna anayedai. Wanamletea uji, naye anakunywa bila kuwatazama usoni. Moyo unadunda sawasawa, lakini hautulii.

Nyumba ni moja, na kiapo ni kiapo. Haya, wewe uliyesikiliza: ungempa nani?