Kiti cha Pili kwenye Gari la Nyumbu

Kaeni vizuri, maana hadithi hii sitaimaliza mimi.

Huko Ulaya, zamani za ngome na watawala wake, palikuwa na mji uliozingirwa na adui hata watu wakatafuna ngozi za viatu. Katika jumba la mtawala walibaki wanamuziki watatu. Bruna alipiga ngoma, na mkono wake haukuharakishwa na mtu. Oddo alipuliza filimbi. Wimbo aliousikia hakuusahau. Nerina alipiga udi, ala ya nyuzi, naye aliweza kuugeuza mwendo wa wimbo wowote. Nerina alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalikuwa yamemkauka.

Adui akakubali jambo moja tu: mama wa mtawala, bibi kizee, atoke kwa gari la kukokotwa na nyumbu, chotara wa punda na farasi, pamoja na mtu mmoja wa kumhudumia. Lakini bibi hakuinuka kitini tangu azikwe mumewe.

"Nife hapa hapa," alisema. "Sibebwi kama gunia."

Mtawala akawaambia wanamuziki, "Atakayemwinua mama yangu, kiti cha pili ni chake."

Wakachagua pavana, dansi ambayo wakubwa huandamana wawili wawili kwa madaha.

Bruna akaanza. Pigo moja refu, mawili mafupi. Moja refu, mawili mafupi, polepole, kama moyo wa mtu aliyelala. Baada ya kitambo, mguu wa bibi ukaanza kugonga sakafu.

Oddo akaingia. Katika pavana kila kipande hurudiwa. Kwanza bibi alifumba macho. Kipande kiliporudiwa, akasema, "Huu tuliucheza arusini kwetu." Akashika mikono ya kiti. Hakuinuka.

Mtawala akakata tamaa. "Basi. Nyamazeni."

Nerina akamkumbuka mwanawe. Katika jumba lile pavana haikuachwa peke yake. Lazima ifuatwe na galiarda, dansi ya kuruka. Kuinyima pavana galiarda yake kulikuwa kama kumwalika mgeni usimpe chakula. Mtawala alikuwa amesahau. Nerina hakunyamaza: wimbo uleule uliokwenda kwa hesabu ya mbili akaupeleka kwa hesabu ya tatu, mbio mbio, na wenzake wakamfuata.

"Nani huyo aliyewaambia mnyamaze kabla ya galiarda?" bibi akafoka. Akasimama, akaruka kidogo, akaangukia mikononi mwa mtawala akilia.

Gari likaletwa.

"Mguu niliuamsha mimi," Bruna alisema. "La sivyo mngempigia maiti."

"Mguu uligonga tu, dada. Kumbukumbu niliileta mimi," Oddo akajibu.

"Mlimwacha amekaa!" Nerina akalia. "Nyote wawili!"

"Nawe uligeuza wimbo wa nani?" Oddo akauliza taratibu. "Juu ya ngoma ya nani?"

Nerina akaitazama miguu ya Bruna iliyovimba kwa njaa, na kitambaa cha Oddo chenye damu ya kikohozi. Mtoto mgongoni hakuwa na nguvu hata ya kulia.

"Mama, amua wewe," mtawala akasema.

"Mimi niliinuliwa na wimbo mzima," bibi akajibu kutoka garini. "Kuukata vipande siwezi."

Askari wa langoni wakapiga kelele: lango linafungwa.

Haya, nyumbu hao wanakanyaga ardhi. Ninyi mlioketi hapa, kiti mngempa nani? Na wale wawili wanaobaki, mngewatazama usoni mkawaambia nini?